Foleni Iko Wapi? Kulipia Daraja la Huduma Kwenye Mtandao wa MPLS

Profoma ya kuunganisha matawi ya ofisi huwa na mistari michache: gharama ya kufunga, ada ya mwezi, kasi kwa Mbps, ruta, kodi ya ongezeko la thamani. Katikati yake unakuta mstari wa daraja la huduma, wenye majina kama dhahabu, fedha na shaba, au sauti, biashara na kawaida, na bei inayopanda kila ngazi. Mhasibu anauliza ni wa nini. Mtu wa TEHAMA anajibu kwamba ni wa kuzipa simu na mfumo wa fedha kipaumbele. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi kumfanya mtu atie saini. Anayelipa anahitaji kujua kipaumbele hicho kinafanya kazi sehemu gani ya njia, na kama sehemu hiyo ndiyo inayomsumbua.

Msimamo wangu nautoa mapema. Daraja la huduma lina thamani pale penye foleni, na kwa ofisi nyingi foleni nzito iko sehemu moja tu: kwenye ruta ya mwisho ya mtoa huduma, upande unaotazama tawi lako. Ukilipia kipaumbele hapo, pesa yako inafanya kazi. Ukilipia kwingine, mara nyingi umenunua jina.

Kwenye MPLS, mtandao ambao ruta za mtoa huduma hupeleka pakiti kwa kusoma lebo, daraja hubebwa ndani ya lebo hiyo. Lebo yenyewe ni kitu kidogo. Kwa kiwango cha IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, kilichotolewa Januari 2001, kila pakiti inayoingia kwenye mtandao wa MPLS hubandikwa lebo ya biti 32. Biti 20 ni namba inayoziambia ruta za njiani zipeleke pakiti wapi. Biti 8 huhesabu ruta zilizopitwa ili pakiti iliyopotea isizunguke milele, biti 1 huonyesha kama hiyo ndiyo lebo ya chini kabisa kwenye rundo, na 3 zilizobaki ndizo daraja. Biti 3 zina nafasi 8. Pakiti ikitoka ofisini kwako huwa tayari na alama yake nyingine, DSCP, yenye biti 6 na nafasi 64. Kwa hiyo kwenye mpaka wa mtoa huduma alama 64 hukusanywa kwenye makundi 8, na baadhi ya hayo 8 mtoa huduma huyashika kwa mazungumzo ya ruta zake mwenyewe. Ndiyo maana unauziwa madaraja matatu, manne au sita. Akija anayekuuzia zaidi ya manane, muulize anayabebaje, maana bila kutenga njia ya lebo kwa kila kundi, biti 3 hazimtoshi.

Daraja haliongezi kasi. Linaamua nani atangulie pakiti zikipangana, na njia ikiwa wazi hakuna anayepangana. Njia maalumu ya mabasi ya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, faida yake huonekana saa kumi na mbili jioni. Saa nane usiku basi na gari dogo hufika Kimara pamoja. Kwa hiyo kabla ya bei, tupime foleni.

Chukua pakiti moja kubwa ya kawaida, baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kwenye njia ya 2 Mbps huchukua milisekunde 6 kutoka mlangoni. Kwenye 10 Mbps ni milisekunde 1.2, na kwenye 100 Mbps ni 0.12. Sasa tuseme kuna pakiti 100 za aina hiyo zimepangana kwa sababu mtu wa ofisi kuu ametuma faili kubwa la nakala rudufu. Pakiti ya simu iliyofika nyuma yake itangoja milisekunde 300 kwenye njia ya 4 Mbps, 120 kwenye 10 Mbps, 24 kwenye 50 Mbps na 12 kwenye 100 Mbps. Linganisha na mwongozo wa ITU wa G.114: mazungumzo ya simu hubaki mazuri kama sauti inachukua hadi milisekunde 150 kwenda upande mmoja, na zikizidi 400 muunganisho haufai kwa mazungumzo ya kawaida. Umbali wenyewe hauli sana. Mwanga ndani ya kioo cha faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo zaidi ya kilomita 1,000 za Dar es Salaam hadi Mwanza ni suala la milisekunde 5 au 6, ukiongeza kidogo kwa mizunguko ya njia. Kinachoua simu ya Mwanza ni zile 300 za kwenye foleni.

Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza mkoba. Tawi la 4 Mbps lenye simu za intaneti na mfumo wa fedha linahitaji madaraja bila mjadala. Tawi la 100 Mbps lenye wafanyakazi wachache linaweza kukaa mwaka mzima bila kuyahisi. Katikati, kati ya 10 na 50 Mbps, ndipo penye uamuzi wa kweli, na hapo ndipo pia wauzaji hupata faida nzuri kutoka kwa wasiopiga hesabu. Tahadhari moja: foleni ya pakiti 100 nimeichukua ili kulinganisha tu. Vifaa vya njia pana mara nyingi hupewa foleni ndefu zaidi, kwa hiyo uliza ukubwa wake badala ya kuukisia.

Njia ya kwanza ya kupunguza gharama haina ada ya mwezi. Pakiti zinazotoka tawini kwenda nje hupangana kwenye ruta yako mwenyewe, na ruta yako unaipanga unavyotaka. Toleo la 7 la RouterOS linalotumika kwenye ruta za MikroTik lina foleni za FQ-CoDel na CAKE, na mfumo huria wa OpenWrt unazo pia. CoDel, iliyo msingi wa FQ-CoDel, ilibuniwa na Kathleen Nichols na Van Jacobson, wakaitangaza mwaka 2012. Hupima pakiti zimekaa foleni muda gani na kuanza kuzitupa mapema kabla msongamano haujawa ukuta. Haina leseni ya kulipia. Weka kasi ya kutoka chini kidogo ya ile uliyonunua, foleni ibaki kwako, simu zitapumua. Muuzaji akitaka ada ya kipaumbele kwa pakiti zinazotoka tu, mwambie kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe.

Zinazoingia ni habari nyingine. Faili linalotoka ofisi kuu yenye 100 Mbps kwenda tawi lenye 4 Mbps linajazana kwenye ruta ya mtoa huduma, upande wa pili wa waya, mahali ambapo mkono wako haufiki. Unaweza kubana kasi ya kuingia kwenye ruta yako ili watumaji wapunguze mwendo, na mbinu hiyo husaidia kwa kiasi, lakini unapoteza sehemu ya kasi uliyolipia na msongamano wa ghafla hukuponyoka. Hapo ndipo daraja la MPLS linapostahili bei yake. Ruta ile ina foleni yako peke yako, imegawanywa kwa mujibu wa mkataba, na simu inatoka kabla ya faili. Kwa hiyo mwulize muuzaji: “Upande wa kushuka kuelekea tawini, foleni zangu ni ngapi na kila moja ina kasi gani?” Akikujibu kwa kusifu mkongo wake wa kati, bado hajajibu.

Mkongo wa kati kwa kawaida huachiwa nafasi ya kutosha, na siku nyingi hauna foleni ya kutaja. Foleni huja siku ile faiba inapokatwa na greda la wajenzi wa barabara, pakiti zikageuzwa upande wa pili wa mzunguko ambako zinakuta pakiti za wengine. Siku hiyo biti 3 za lebo ndizo zinazoamua nani abaki. Kwa benki, hospitali au SACCOS inayotoa fedha dirishani, bima hiyo ina maana. Kwa duka linalotuma ripoti ya mauzo jioni, haina.

Sasa bei. Sitaweka viwango vya kampuni hapa kwa sababu hubadilika kwa mkoa, kwa umbali wa mnara na kwa nguvu ya mnunuzi mezani. Tutumie kipimo cha kubuni: bei ya Mbps 1 ya daraja la kawaida iwe 1, ya biashara iwe 1.5 na ya sauti iwe 2. Tawi la 4 Mbps lenye Mbps 1 ya sauti, 1 ya biashara na 2 za kawaida litagharimu 5.5. Tawi lile lile likichukua 10 Mbps za kawaida bila madaraja litagharimu 10. Kwa hesabu hiyo madaraja yanashinda. Ila Mbps hazina bei sawa kutoka ya kwanza hadi ya kumi. Mahali ambapo faiba imeshafika mlangoni, kuongeza kutoka 4 hadi 10 humgharimu mtoa huduma kidogo sana, na ukibanana naye unaweza kupata kumi zote kwa bei ya 6. Ukifika hapo, ile 0.5 ya ziada inakupa foleni fupi na nafasi ya kukua. Mahali penye redio au setilaiti, kila Mbps ni ya thamani, na hesabu inarudi kwenye madaraja. Dai profoma mbili kwa kila tawi, moja yenye madaraja na nyingine yenye kasi kubwa bila madaraja. Muuzaji akikupa moja tu, amekwisha kukuamulia.

Usidanganyike, hata hivyo, kwamba upana peke yake unaponya. Faili likitumwa kwa TCP hujaza njia yoyote linayoikuta, iwe 4 au 10. Upana hufupisha foleni; mpangilio huamua nani anaikwepa. Nilipoona ofisi zikiongeza kasi mara mbili mfululizo huku simu zikiendelea kukatika, chanzo kilikuwa nakala rudufu iliyopangwa saa nne asubuhi, saa ambayo dirisha la malipo limejaa watu. Kuihamishia usiku hakukuhitaji profoma.

Ukishaamua kununua daraja la sauti, usinunue zaidi ya simu zako. Simu moja yenye kodeki ya G.711 hubeba sauti ya 64 kbps, lakini ukijumlisha vichwa vya pakiti inafika takriban 87 kbps kwenye Ethernet. Simu kumi kwa wakati mmoja ni karibu 0.9 Mbps. Ukihamia G.729, ambayo tangu 2017 haidaiwi ada ya hataza, simu moja inashuka hadi kama 31 kbps na kumi zinaenea kwenye 0.32 Mbps. Ubora wa sauti hupungua kidogo, lakini kwa mazungumzo ya kazi inatosha, na daraja ghali kuliko yote linakuwa karibu theluthi moja ya lile la mwanzo. Badiliko hilo hufanyika kwenye mipangilio ya mtambo wa simu.

Daraja la sauti lina ukali ambao wauzaji hawautangazi. Kwa kuwa hutangulizwa mbele ya yote, mtoa huduma huliwekea mpaka mgumu: kinachozidi kasi uliyonunua hutupwa papo hapo. Ruta haijui simu ipi ilianza kwanza. Ukinunua nafasi ya simu kumi na mtu wa kumi na moja akapiga, pakiti zinazotupwa ni za wote, na watu kumi na mmoja wanasikia sauti inayokwaruza. Mtambo wako wa simu lazima uwekewe kikomo, simu ya kumi na moja ipate mlio wa njia kujaa. Madaraja ya data ni mapole zaidi. Kinachozidi kwa kawaida hushushwa daraja na kupita kama kuna nafasi. Ndiyo sababu kamera za ulinzi hazifai kuingizwa kwenye daraja la sauti, ingawa nimeona wakubwa wakidai hivyo. Kamera nane za Mbps 2 kila moja ni 16 Mbps. Acha picha zirekodiwe tawini, zitazamwe kutoka mbali kwa nadra.

Kuna vitu vitatu vinavyoweza kuliharibu daraja ulilolipia hata mtoa huduma akiwa mwaminifu. Cha kwanza ni usimbaji. MPLS inatenganisha wateja lakini haifichi data, hivyo taasisi za fedha huweka handaki la IPsec juu yake, na hilo ni sahihi. Lakini handaki lisiponakili alama ya DSCP kutoka pakiti ya ndani kwenda kichwa cha nje, mtoa huduma ataona kila kitu ni kimoja na kukiweka daraja la kawaida. Cha pili ni redio ya hatua ya mwisho. Mvua kubwa ya masika ikishuka, redio nyingi hupunguza kasi ili zisikatike. Njia ya 10 Mbps inakuwa 5, ruta ya juu yake haijui na inaendelea kusukuma 10, na foleni inahamia ndani ya redio. Redio isiyosoma madaraja itatupa sauti na faili bila kubagua. Uliza kama hatua ya mwisho ni faiba au redio, na kama ni redio, inaheshimu alama gani. Cha tatu ni mpaka wa nchi. Tawi la Nairobi na la Dar es Salaam mara nyingi huunganishwa na watoa huduma wawili wanaokutana katikati, na daraja la tatu la huyu linaweza kuwa la kwanza la yule. Omba jedwali la jinsi madaraja yanavyobadilishwa wanapokutana, liwe kiambatisho cha mkataba. Ukikutana na kodi pia, kumbuka viwango vinatofautiana: VAT ya Kenya ni asilimia 16, ya Tanzania Bara 18, na profoma moja inaweza kuandikwa kabla ya kodi na nyingine baada.

Na kama mfumo wako wa fedha hauko ofisi kuu tena bali kwenye wingu, fikiria upya kabisa. Daraja la MPLS huishia pale pakiti inapotoka kwenda intaneti ya kawaida. Huko hakuna anayewajibika kuheshimu alama yako. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Ofisi iliyokuwa na seva yake ndani ya nchi na tawi lililofungwa kwa njia ya ndani haikuwa na sababu ya kusimama. Ile iliyotegemea seva ya Ulaya isingeokolewa na daraja la dhahabu la Dar hadi Mwanza.

Kwa hao wa wingu, chaguo ninaloliona bora ni SD-WAN juu ya njia mbili za intaneti kutoka kwa watoa huduma tofauti, zenye nyaya tofauti. Kifaa cha SD-WAN hupima ucheleweshaji na upotevu wa pakiti kila mara na kuhamisha simu kwenda njia iliyo nzima. Vingine hutuma pakiti ya sauti kwenye njia zote mbili. Gharama yake imejificha kwenye leseni ya kila mwaka, mara nyingi kwa fedha za kigeni, na kifaa ambacho leseni ikiisha kinaweza kupoteza uwezo uliokinunulia. Jumlisha miaka mitatu ya leseni kabla ya kusema ni nafuu kuliko MPLS. Ofisi kubwa huchanganya: MPLS nyembamba yenye daraja la sauti na la biashara tu, na intaneti nene kwa mengine yote. Mchanganyiko huo ninaupenda kwa taasisi inayoshika fedha za wanachama, kwa sababu kinachoumiza watu kinalindwa na kinachoweza kungoja hakilipiwi bei ya juu.

Usipokee muunganisho bila kuujaribu. Siku ya makabidhiano, jaza njia ya kushuka kwa programu ya iperf3 ukiwa ofisi kuu. Ukiwa bado ofisi kuu, pima kuelekea tawini kwa kompyuta ya Linux: ping ya kawaida, kisha ping -Q 184, namba inayozipa pakiti alama ya sauti. Kama daraja linafanya kazi, ya kawaida itapanda hadi mamia ya milisekunde na ya pili itabaki chini. Zikipanda pamoja, umelipia mstari wa profoma. Usijaribu kwenye njia tupu, maana hapo zote mbili zitakuwa nzuri na fundi ataondoka na saini yako.

Kwenye mkataba, asilimia zigeuze kuwa saa. Kwa mwezi wa siku 30, asilimia 99.9 inaruhusu dakika 43 za kukatika, 99.5 inaruhusu saa 3.6, na 99 inaruhusu saa 7.2. Angalia kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi. Watoa huduma wengi hupima kati ya ruta zao wenyewe na kuiacha nje ile hatua ya mwisho, ambayo ndiyo yenye redio na foleni. Dai ripoti ya kila daraja, ionyeshe pakiti zilizotupwa kwa saa za kazi, si wastani wa mwezi unaojumuisha usiku. Na uliza bei ya kubadilisha mgao. Tawi likipata simu tano zaidi mwakani, kuhamisha Mbps 1 kutoka daraja la kawaida kwenda la sauti ni amri chache kwenye ruta, na wapo wanaoitoza kama ufungaji mpya. Andikisha mabadiliko mawili kwa mwaka bila malipo kabla ya kusaini, wakati muuzaji bado anakuhitaji.